Nani Mwenye Haraka ya Uji?

Mjukuu wetu alikuwa na miezi minne na siku chache nyanyake mzaa mama alipofika nyumbani kwetu hapa Isiolo, akitokea Garba Tulla. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia na kopo la samli. Baada ya salamu, na baada ya kumpakata mtoto na kumwombea dua, alikaa akamtazama akinyonya, kisha akamwambia binti yake kwa upole kwamba mtoto huyu ana njaa, na maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Mkaza mwana wetu aliinamisha uso. Wiki hiyohiyo muuguzi wa kliniki alikuwa amemwagiza asimwonjeshe kitu chochote, hata maji, mpaka miezi sita itimie. Mama aliyemzaa anasema hili, muuguzi anasema lile, na wote wawili wanamtakia mtoto kheri. Basi akainua macho akatutazama sisi. Ndiyo taabu ya kuitwa sheikh: watu hukutazama hata katika jambo ambalo wewe ndiwe mwanafunzi wa mwisho darasani.

Hatukujibu upesi. Sababu yake tunaona haya kuiandika, lakini tutaiandika.

Tulipojaaliwa mtoto wetu wa kwanza, tungali tukikaa pwani, alipofika miezi mitatu alianza kulia sana nyakati za magharibi. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema ni chango na kiu, apewe maji ya sukari na uji mwepesi. Mama wa mtoto hakutaka. Hakusema mengi, maana alikuwa mgeni nyumbani mwa wakwe. Alisema tu kwamba maziwa anayo, na usiku yanamwagika hata yakalowesha nguo. Sisi tukamjibu kwamba mama yetu amelea watoto saba, naye hajalea hata mmoja. Uji ukapikwa. Hazikupita wiki mbili mtoto akashikwa na tumbo la kuharisha. Utosi ulibonyea, macho yakazama, akawa analia bila machozi. Tulikaa naye hospitalini siku tatu, na katika siku hizo mama yake hakutulaumu kwa neno moja, jambo lililotuelemea kuliko lawama. Hatuwezi kuapa kwamba ni uji ule uliomuuguza. Tunachojua ni kwamba maji yake hayakuchemshwa sawasawa, na kwamba mwenye mtoto alikuwa amekataa. Mtoto yule alipona, alhamdulillahi, na ndiye baba wa mjukuu tunayemsimulia.

Wakati ule tulikuwa tumekwisha kuihifadhi Suratul Baqara na kuisomesha. Aya yake ya 233 inazungumza juu ya kunyonyesha kwa urefu usio wa kawaida: inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, inamlazimisha baba kumlisha na kumvisha mama, inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, kisha inasema kwamba wazazi wawili wakitaka kumwachisha ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, hapana dhambi juu yao. Ni kweli kwamba maneno hayo ni ya kuachisha ziwa, si ya kijiko cha kwanza. Lakini ikiwa mwisho wa kunyonya unahitaji ridhaa ya mama, itakuwaje mwanzo wa chakula uamuliwe naye akiwa jikoni? Sisi tuliisomesha aya hiyo msikitini, na nyumbani tukatoa amri.

Hapa tuseme neno dogo la kando. Tumesikia watu wakidai kwamba hiyo miezi sita ya madaktari imo ndani ya Qur'ani. Wanachukua miezi thelathini ya mimba na kunyonya iliyotajwa katika Suratul Ahqaf, wanaondoa miaka miwili, inabaki sita. Hesabu ni sahihi, ila wanachuoni waliitumia kujua muda mfupi kabisa wa mimba, na hukumu hiyo inanasibishwa na Sayyidna Ali (r.a.). Haina uhusiano na uji. Elimu ya tiba haihitaji kuvikwa kanzu ndipo tuikubali.

Elimu hiyo yenyewe ina historia, na kuijua kutatufanya tusiwadharau mama zetu. Ni mwaka 2001 ambapo mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kabla ya hapo, ushauri wenyewe wa madaktari ulikuwa kati ya miezi minne na sita. Kwa hivyo nyanya aliyelea watoto wake miaka ya themanini na tisini, akawaanzisha uji mwezi wa nne, yamkini alishika alichoambiwa na muuguzi wa zama zake. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa takriban 13 katika kila 100. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Katika umri wa kizazi kimoja, desturi ya nyumba nyingi imegeuka, na nyanya amebaki na desturi ya jana mkononi, hana aliyemweleza ilipogeukia.

Sababu zake si ngumu kueleza. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto, hata katika jua hili la Isiolo. Tumbo lake bado ni changa, na kila kikombe na kila kijiko kinachoingia kinaweza kuingia na uchafu. Tena akishiba uji mwepesi hunyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ndipo ule usemi kwamba maziwa hayatoshi unapokuwa kweli, baada ya kuwa haukuwa kweli. Ama kilio cha jioni, si kila kilio ni njaa. Mtoto anayekojoa vyema mchana na usiku, na ambaye uzani wake unapanda katika kile kijitabu cha kliniki, huyo anashiba. Asiyepanda apelekwe kwa wataalamu, wala asitibiwe kwa uji. Na kadhalika aliyezaliwa kabla ya siku zake, au ambaye mama yake ni mgonjwa.

Mama wengi hutuuliza kuhusu tahniki. Tunajua kwamba Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alimpeleka mwanawe Abdullah bin Zubeir kwa Mtume (s.a.w.), naye akatafuna tende akamsugulia kaakaa. Sunna hiyo hatuiachi. Lakini ni mguso wa tende iliyolainishwa, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, mara moja, na isifanywe mlango wa kupitishia samli na maji ya sukari siku zinazofuata. Wengine hutumia asali pasipo tende. Madaktari wanakataza asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu vinavyopooza mwili wa mchanga. Na hapa kwetu tende hazikosekani dukani.

Turudi kwa swali lililotuweka kimya siku ile: ni nani hasa mwenye haraka? Imepokewa katika vitabu vya tarehe kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwawekea watoto posho kutoka hazina ya Waislamu, ila tu baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, naye akakesha kuulinda pamoja na Abdurrahman bin Auf. Akasikia mtoto akilia, akamwendea mama na kumsihi amtulize. Akarudi, akasikia kilio tena, na tena. Alipomlaumu yule mama, naye hakumjua anayesema naye, alimjibu kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Asubuhi Umar alisalisha alfajiri watu wasielewe kisomo chake kwa kulia. Kisha akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, na kwamba posho itatolewa kwa kila anayezaliwa katika Uislamu.

Tazama kwamba hakumpa yule mama mawaidha. Aliondoa kilichomharakisha. Huku Isiolo wako wanawake wanaoamka kabla ya adhana kupokea maziwa ya ngamia kutoka vichakani, wayachuje, wayapakie kwenye mitungi na kuyawahisha mabasi ya Nairobi yaende Eastleigh. Mwenye mtoto wa miezi mitatu atamwachia binti mkubwa pamoja na kikombe cha uji. Sisi tukisimama mimbarini tukamwambia anyonyeshe miezi sita, naye ndiye anayelipa karo, tumemwongezea dhambi bila kumpunguzia mzigo. Mume wake yuko wapi? Aya ile ilimtaja yeye kwa chakula na mavazi. Hata sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Lakini mama wa sokoni mwajiri wake ni nani, kama si sisi wa nyumbani? Mtu ampelekee mtoto anyonye pale pale sokoni, au mama afundishwe kukamua maziwa yake kwa mikono safi yahifadhiwe kwenye kikombe chenye kifuniko.

Siku ile tulimwuliza mkaza mwana wetu kwanza, mbele ya mama yake na mbele ya mumewe, yeye anataka nini. Akasema anataka kusubiri. Mumewe akasema naye yu pamoja naye. Sisi tukasema limekwisha. Lakini kibuyu kilikuwa bado kiko pale, na mtu aliyepanda gari alfajiri na kibuyu mapajani harudishwi nacho. Ni binti mwenyewe aliyelitatua: aliyachemsha yale maziwa, maana mabichi huleta homa ya bruselosi, akamimina bilauri, akaketi kando ya mama yake akayanywa yote. Samli ikaingia katika wali wake siku kumi mfululizo. Nyanya alikaa akimlisha mwanawe, na mwanawe akamnyonyesha wake.

Miezi sita ilipotimia tulimwita tena. Mtoto alikuwa anakaa akiegemezwa, shingo imekaza, na kila tulipokula alitufuata tonge kwa macho, udenda ukimtoka. Wakati huo kuchelewa nako ni kosa, na tumeona nyumba zinazochelewa kwa woga hadi mwezi wa tisa, au zinazomwaga uji mwepesi kama maji na kuuita chakula. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua karibu na umri huo, na maziwa pekee hayaijazi tena. Basi huanza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, vya kitu kizito kinachokaa juu ya kijiko bila kutiririka: viazi vitamu, malenge, uji wa wimbi, na bila kukawia, yai, kunde, nyama au ini lililopondwa. Hapana chumvi, hapana sukari. Sahani yake iwe yake mwenyewe, ijulikane amekula kiasi gani. Na ziwa linaendelea.

Kijiko cha kwanza alipewa nyanya akishike. Alinawa, akasema bismillahi, akamtia kiazi mdomoni. Mtoto alikunja uso kama aliyeonja shubiri, akakitema chote juu ya kanga yake. Cha pili kikateremka. Cha tatu alikinyang'anya kwa mikono miwili, na yule mama akatugeukia sisi akicheka, akasema: «Sikuwaambia ana njaa?»