Nilimwita mwizi wa waifai, kumbe kabati!

WIKI hii, mpenzi msomaji, naomba radhi hadharani. Ninayemwomba ni kijana wa chuo aliyepanga chumba kinachopakana na changu, hapa Tabata, jijini Dar es Salaam. Nilimdhalilisha mbele za watu kwa kosa ambalo hakulifanya. Chanzo cha yote ni waifai.

Basi bwana, pale kwetu kuna nyumba kubwa ya mbele anakoishi mama mwenye nyumba, na uani kuna safu ya vyumba vitatu vya sisi wapangaji. Intaneti iko kwa mama. Kila mwezi tunachanga, kama tunavyochanga ya umeme na maji. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilikuwa nimejilaza kitandani natuma makala zangu huku nikisikiliza muziki, najiona mtu wa maana mjini.

Mara akahamia huyo dogo, na wiki hiyo hiyo waifai ikawa taabani. Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nikapiga hesabu ya haraka: kaingia mtu, mtandao umedorora, basi mtu huyo ndiye mchawi. Usiku nikimsikia anacheka peke yake na filamu zake, roho inaniuma. Nikasema moyoni, huyu anakula mchango wangu!

Alhamisi moja nilikuwa na makala ya kuwasilisha kabla ya saa nne usiku, pamoja na picha zake. Kile kiduara kwenye simu kilizunguka hadi nikaona kizunguzungu. Bando sikuwa nalo, hela sikuwa nayo. Nikatoka nje na kusimama kwenye tenki la maji, mkono juu kama ninayeomba mvua. Picha zilikwenda saa nane usiku. Mhariri hakunisubiri, nafasi yangu akapewa mnajimu. Na sisi waandishi wa kujitegemea, msomaji wangu, makala isipotoka hakuna malipo.

Asubuhi nikamvaa dogo palepale bombani, watu wanafua. "Dogo, unatumaliza! Waifai siyo ya baba yako!" Hakujibu kwa hasira. Alitoa simu yake mfukoni akanionyesha. "Kaka, mimi natumia bando langu. Neno la siri la hapa sijawahi kupewa. Mama alisema nianze kuchangia mwezi ujao."

Weee! Akina mama waliokuwa wanafua waliangua kicheko. Tangu siku hiyo dogo akawa ananipita kama mlingoti wa umeme, salamu hakuna.

Aliyenifumbua macho ni jamaa yangu wa kijiweni, fundi wa kuvuta nyaya. Aliniuliza swali moja tu: "Umeshaifuata kwa miguu?" Alitaka nipime kasi nikiwa karibu kabisa na ruta, kisha nipime tena kwenye kila hatua hadi chumbani. Kama hata hapo karibu ni mbovu, basi tatizo linatoka huko kwenye laini au kifurushi. Kama karibu ni nzuri na mbali ni mbovu, kuna kitu kimeziba njia.

Jumapili jioni nikabisha hodi kwa mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, bomba limepasuka tena?" Nikamweleza shida yangu kwa adabu zote, akanikaribisha sebuleni. Nikatafuta ruta kwa macho, siioni. "Iko humo," akasema, akinyooshea kidole kabati jipya la vyombo. Kumbe kabati lilikuja wiki ile ile aliyohamia dogo! Ruta ilikuwa ndani, nyuma ya glasi za wageni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mgongo wa kabati ni kioo cha kujitazamia. "Wajukuu wananibinyia vitufe," mama akajitetea.

Sasa sikiliza alichonifundisha fundi. Kioo cha kujitazamia kina utando mwembamba wa madini nyuma yake, na madini hurudisha mawimbi. Zege lenye nondo nalo ni kikwazo kikubwa. Ukilundika kioo, ukuta na umbali, chumba cha uani kinabaki kuokota makombo. Nilipopima sebuleni nilipata megabiti 25, chumbani kwangu 2.

Mama alikubali tuitoe. Tuliipandisha juu ya rafu karibu na dirisha la uani, mikono ya wajukuu isikofika, bila kutoboa ukuta hata tundu moja. Waya wake mwembamba tuliulaza taratibu, maana waya wa faiba ukikunjwa sana unaharibika. Kitambaa tukakirudisha kwenye televisheni. Chumbani kwangu kasi ikapanda hadi 11. Mchezo umekwisha!

Kuna mengine ya bure. Ruta nyingi za siku hizi zina masafa mawili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hayafiki mbali. Ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo sisi wa uani ndiyo yanatufaa. Ila masafa hayo ya 2.4 husumbuliwa na maikrowevu ikiwa inapasha chakula, na ruta za majirani zikijazana. Hapo mwombe mwenye ruta ajaribu chaneli ya 1, 6 au 11, kwani hizo haziingiliani.

Ikishindikana kabisa, ndipo ufungue pochi. Waya wa mtandao unaopitishwa dirishani unaweza kwenda hadi mita 100. Ukinunua ripita, iweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Ukiiweka chumbani ambako mawimbi yameshakufa, itakurudishia huo huo udhaifu. Uzuri wa vitu hivi, siku ukihama unahama navyo.

Lakini kabla ya yote, uliza. Mimi nilikaa wiki tatu nimenuna kwa jambo lililohitaji hodi moja na shikamoo moja.

Jioni ile nilinunua chipsi mayai sahani mbili, nikagonga mlango wa dogo. Alinitazama, akatazama sahani. "Kaka, ungeuliza tu," akasema, kisha akasogeza ndoo nikae. Tulikula kimya kimya. Kesho yake asubuhi pale bombani alinisalimia, na wale wale akina mama wakasikia.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.