Kitasa cha Buti Kilichokataa Ufunguo

Kitasa ni mtumishi asiyekumbukwa ila siku agomapo. Mwenye motokaa hukagua matairi, hutia maji na mafuta, husikiliza mlio wa mtambo. Lakini kile kitundu cha ufunguo kilicho nyuma, penye kifuniko cha buti, chaweza kukaa miaka bila kutiwa kitu, kwa kuwa buti hufunguliwa kwa kishikio kilicho karibu na kiti cha dereva. Katika kisiwa cha Mombasa uzembe huo una malipo yake. Upepo wa bahari huchukua chumvi, hewa ina unyevu, na vumbi la barabara hunasa penye unyevu. Vitu hivyo vitatu vikikutana ndani ya chuma, kutu huota kimyakimya.

Karani mmoja mkazi wa Tononoka alilipata fundisho hilo mbele ya mjomba wake. Mzee huyo, mkulima wa minazi kutoka upande wa Kilifi, alikuwa amemkabidhi hati ya shamba lake, maana paa la nyumba yake lilikuwa likivuja. Shauri la mpaka wa shamba lilipangwa kusikilizwa saa tano ya asubuhi, na ilitakiwa hati yenyewe, si nakala. Usiku wa kuamkia siku hiyo karani aliitia katika sanduku dogo, na sanduku akalifungia ndani ya buti, ili asije akaisahau.

Asubuhi alivuta kishikio. Kikamlegea mkononi, waya umekatika. Akatia ufunguo katika kitundu cha nyuma, haukuzunguka. Akaulazimisha, ukaanza kupinda. Saa tatu na nusu ilikuwa imekwisha pita.

“Mjomba, nitalivunja,” alisema, akaenda kuazima mtaimbo.

Mzee hakujibu. Alimtazama mpwa wake kwa macho ya mtu anayejiuliza iwapo hati ile imo humo kweli. Si mara moja shamba kupotea mikononi mwa jamaa, na kimya kile kilimwumiza karani kuliko matusi.

Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitengeneza pikipiki kando ya njia, aliuona mtaimbo akasogea.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Weka chuma hicho chini. Ukikunja kifuniko, komeo litazidi kuuma. Niambie kwanza: ufunguo wazunguka bure, au hauzunguki kabisa? Buti limejaa mzigo? Na ufunguo wa akiba uko wapi?”

Kila swali lilikuwa na maana yake. Kitasa cha buti kina sehemu tatu: mahali pa kutia ufunguo, ufito au waya upelekao nguvu ndani, na komeo liumalo pete ya chuma. Ufunguo ukizunguka bure, ufito umechomoka. Usipozunguka kabisa, vibati vidogo vya ndani vimeshikwa na uchafu, au meno ya ufunguo yamelika. Tena mzigo ukikisukuma kifuniko kwa juu, komeo hubanwa lisiweze kuachia.

Fundi alipuliza vumbi, akatia mafuta mepesi ya kulegeza kutu kwa mrija mwembamba, akaamuru wangoje dakika kumi. Karani alikimbia nyumbani kuleta ufunguo wa akiba, ambao meno yake yalikuwa bado makali. Kisha mzee akaambiwa akandamize kifuniko kwa viganja viwili, na mpwa wake azungushe ufunguo polepole, kulia na kushoto, bila kulazimisha. Mara ya tano komeo likaachia.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua sanduku. Aliitazama hati mbele na nyuma, akaikunja, akamrudishia mpwa wake. “Ibebe wewe, mwanangu,” akasema. Walifika penye shauri kabla ya saa tano.

Mafuta ya namna ile yana historia ya subira. Yale yajulikanayo sana, WD-40, yalitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ili kuzuia kutu. Jina lake maana yake ni kufukuza maji, na ile 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Mafuta ya kupikia hayafai kuwekwa mahali pake, kwa kuwa hugeuka ulimbo na kunasa vumbi zaidi.

Liko na jambo zito kupita hati. Mwaka 1998 huko Marekani watoto 11 walikufa katika muda wa majuma machache kwa kujifungia ndani ya mabuti. Tangu Septemba 2001 sheria ya nchi ile imetaka motokaa mpya zenye buti ziwe na kishikio cha kufungulia kwa ndani. Motokaa nyingi za hapa ziliundwa kwa ajili ya nchi nyingine, nazo huenda hazina. Basi watoto wasiachwe kuchezea buti.

Kwa wengine, kazi ni ndogo. Mara moja kwa mwezi tia ufunguo katika kitundu cha nyuma, uzungushe, ufungue na kufunga. Na kila baada ya miezi michache, tone la mafuta. Ufunguo wa akiba usikae ndani ya motokaa yenyewe. Njia ya pili hufaa siku ya dhiki ikiwa imepitwa siku za raha.