Mtu wa Kumi

Ukitaka kusajili chama hapa Kenya, sheria inadai muwe watu 10. Jioni ile, kwa mama chai pale Mwembe Tayari, tulikuwa 9, wote watu wa programu na tovuti.

Tangu 2009, nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zinatoka baharini hapa hapa Mombasa. Lakini ukitaka kazi ya maana, unaambiwa panda SGR uende Nairobi. Na mteja akikataa kukulipa, unalia peke yako. Tukiwa chama cha Pwani, angalau barua itakuwa na muhuri.

Nikamtaja fundi simu wa kibanda cha jirani.

“Huyo ni wa bisibisi, bana. Sisi ni wa programu.”

Nikanyamaza. Na kumbe mwaka juzi, kompyuta yangu ilipozima na kazi ya mteja ndani, ni huyo huyo aliyeiokoa. Akaniambia nitamlipa nikilipwa.

Aibu ikaniinua. Nilipomweleza, hakuuliza ada ni ngapi. Aliuliza, “Na mteja akinidhulumu mimi, mtaniandikia barua pia?”

Nikalirudisha swali mezani. Kimya. Mwishowe yule wa bisibisi akasema, “Si haki tumkatae.”

Kwenye kipengele cha uanachama nikafuta “wataalamu”, nikaandika “wote wanaokula kwa kazi hii.” Fundi akakisoma mara mbili, akafuta vidole kwa shati, akatia sahihi.