Alama ya Kuuliza na Nukta

Kosa lenyewe lilikuwa alama mbili tu: ya kuuliza, kisha nukta. Webpack toleo la 4 ilifika hapo ikagoma. Faili iliyotajwa sikuiandika mimi. Ilikuwa ndani ya node_modules, kwenye kifurushi cha kuchora grafu nilichopakua kwa ajili ya tasnifu.

Alama hiyo iliingia rasmi katika JavaScript mwaka 2020. Webpack 4 ni ya 2018, haiijui. Na Babel, ambayo kazi yake ni kugeuza msimbo mpya uwe wa zamani, wengi wetu huiambia iruke folda ile yote. Tunadhani walioandika vifurushi wameshamaliza kazi hiyo. Nani alituahidi?

Mwenzangu wa maabara akasema, "Dada, hamia toleo la 5 ukalale." Ni kweli, toleo la 5 huisoma alama ile bila kelele. Lakini huipitisha kama ilivyo. Wahudumu wa afya ya jamii watakaofungua ukurasa wangu wana simu za zamani, na Chrome iliyo chini ya toleo la 80 ikikutana nayo huikataa faili nzima. Mhudumu ataona weupe mtupu. Hata ujumbe wa kosa wa kumsomea mtu kwa simu hatakuwa nao.

Nikabaki na toleo la 4, nikaongeza mstari wa kuiruhusu Babel iingie katika kifurushi kile kimoja. Kisha nikaazima simu ya mlinzi wa hosteli, kuukuu, kioo kimepasuka. Grafu ikatokea polepole, nguzo moja baada ya nyingine.