Aliyelileta

Gari jipya likiingia mtaani kwetu Lubumbashi, watu huuliza mambo mawili: limenunuliwa bei gani, na limekaa siku ngapi njiani. Likiwahi kufika, mwenye gari hupongezwa kana kwamba ni yeye aliyepunguza kilomita. Aliyeliendesha hatajwi. Nami ningekuwa hivyo hivyo hadi leo, kama nisingekwenda Dar es Salaam mwenyewe kununua Toyota Noah na kurudi nayo kwa barabara, nimekaa ubavuni mwa dereva.

Magari yetu mapya yameshatumika Japani. Huko gari la mtu binafsi hukaguliwa kwa sheria likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waliuze lingali na nguvu zake. Linapigwa mnada, linapakiwa melini, linashushwa Dar es Salaam, na kutoka bandarini linashika njia yake: Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi, Uganda, au kwetu Congo.

Kwenye yadi ya magari, nenda asubuhi, na usiende peke yako. Rangi itakudanganya, kwa sababu kila gari limeoshwa na kung'arishwa. Omba karatasi ya mnada wa Japani. Ina mchoro wa gari, na juu ya mchoro kila jeraha limewekewa herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa. Kisha hakikisha namba ya chasisi iliyoko kwenye karatasi ndiyo iliyogongwa kwenye chuma. Nilionyeshwa gari moja ambalo dashibodi yake ilisoma kilomita chache mno, nikainama kuangalia miguuni: raba ya breki imelika upande wa kulia hadi chuma kinaonekana. Dashibodi inaweza kurudishwa nyuma. Raba iliyokanyagwa miaka mingi hairudi. Nikaliacha, nikaenda yadi nyingine.

Nililolichukua, lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitoka mbele ikisema kwa Kijapani: kifaa cha kulipia barabara za huko kinadai kadi yake. Redio nayo imetengenezwa kwa masafa ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za huku haizishiki. Fundi angeweza kuirekebisha siku hiyo hiyo, lakini niliona afadhali fedha hiyo iende kwenye betri.

Likaja suala la karatasi, na hapa nina neno. Kwetu wengi humwona wakala wa forodha kama mtu anayekula fedha ya bure. Sikubaliani nao. Gari linalopita tu Tanzania kwenda nchi nyingine halilipiwi ushuru wa Tanzania. Badala yake wakala huliwekea dhamana kwamba litatoka mpakani. Likitoweka njiani, yeye ndiye anayedaiwa. Ndiyo maana linafungwa vibao vya IT, yaani "in transit", na kupewa muda wa kuwa limeshavuka. Mtu ambaye hajawahi kuniona, asiyejua kwetu wala ukoo wangu, alisimama mbele ya serikali yake akasema gari la mama huyu litafika linakokwenda. Hayo siyaiti maneno ya karatasi tu.

Basi tukafika kwa dereva. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Mbeya, ana begi dogo lenye shuka, taulo na shati moja. Alilizunguka gari kimya. Akakanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, akalitoa tairi la akiba na kulibonyeza, akajaribu jeki kama inapanda. Nilimwuliza kama ameona kasoro.

"Sijaona, mama. Lakini gari ambalo sijalizoea silikimbizi."

Njiani alinieleza kazi yao inavyokwenda, bila kulalamika. Dereva wa IT hulipwa kwa safari, si kwa siku. Akikabidhi gari mapema, anarudi Dar mapema kuchukua jingine. Mara nyingi fedha ya chakula, ya gesti na ya nauli ya kurudi zimo ndani ya malipo hayo hayo, kwa hiyo kila usiku anaolala kitandani unapunguza anachopeleka nyumbani. Ndiyo maana wengine wanakesha. Ndiyo maana wengine wanaokota abiria Mbezi au Chalinze, jambo lisiloruhusiwa, na abiria wanapanda kwa sababu gari la IT linakwenda mbio kuliko basi. Ajali za magari haya katika barabara ile zinajulikana na kila mkazi wa Morogoro, Iringa na Mbeya. Watu husema madereva wa IT ni wakorofi. Baada ya kukaa karibu na mmoja wao, naona ukorofi mwingi unaanzia kwenye namna tunavyowalipa.

Barabara yenyewe ni ndefu: kutoka Dar hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 2,000. Katika vijiji vya Tanzania kuna vibao vya 50, na trafiki mwenye tochi anaweza kuwa chini ya mti wowote. Ukishapita Morogoro, barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Humo mwendo umewekewa kikomo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kwa kadiri ya mnyama mwenyewe, twiga akiwa miongoni mwa wale wa faini kubwa. Dereva alikwenda taratibu, vioo tumevishusha, swala wako pembeni wanakula. Niliwaza kwamba hapa watu wamekaa wakapanga gharama ya haraka, na kila anayepita anaiogopa. Nikamtazama yule aliyeshika usukani. Yeye gharama ya kumharakisha haijaandikwa popote.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vilivyotundikwa kando ya njia, simu yangu iliita. Ni kaka yangu.

"Mko wapi? Wenzenu mliotoka nao wameshapita Makambako."

"Kaka, bado hatujapanda Kitonga."

"Huyo dereva vipi? Mwambie akanyage."

Kaka yangu ni mtu mwema, na gari alikuwa amelisubiri kwa hamu, kwa sababu naye alichangia. Aliyasema yale ambayo kila mwenye gari husema. Ila mimi wakati ule nilikuwa natazama mlima huo wa Kitonga: lami inapinda juu yetu, malori yanapanda kwa gia ya chini moja nyuma ya lingine, na mengine yanateremka na mizigo yao yakinuka breki. Dakika chache baadaye ikaita simu ya dereva. Aliyepiga alikuwa mwenye gari lingine, anayemngoja arudi. "Ndiyo bosi. Nakuja bosi. Kesho kutwa nitakuwa njiani, bosi." Akaiweka simu kifuani, akaendelea kufuata lori mwendo wa kobe. Alikuwa na mabosi wawili ndani ya gari moja, na hakuna kati yao aliyekuwa akiuona mlima ule.

Jioni, kwenye baridi ya Makambako, nilimwambia tunalala. Nilikuwa nimeitenga fedha ya gesti tangu Dar. Akanitazama kwanza, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Mama, mimi hulala vizuri mwenye gari akiwa ndani ya gari."

Maneno hayo yalinikaa. Alikuwa ametaja tu jambo analolijua kutokana na kazi yake: mwenye mali akiwa kando yake, usiku huwa usiku, na macho mazito huwa macho mazito. Mwenye mali akiwa mbali, kuna namba kwenye simu inayouliza mko wapi.

Tunduma na Nakonde, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, sitazisemea sana. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, magari madogo yakapita pembeni, na kituo cha huduma za pamoja mpakani kinapunguza kuzungushwa. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini barabara hii inapita Zambia, ambayo haimo, kwa hiyo mipaka bado ni miwili na bima ya COMESA unaihitaji. Baadaye ni msitu, mchana kutwa: Mpika, Serenje, magunia ya mkaa, watoto wanainua uyoga mkubwa wa msimu wa mvua ili uuone kutoka mbali. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, inaishia Kapiri Mposhi. Sisi tuliipita stesheni tukaendelea Ndola, Kitwe, Chingola.

Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, kila ofisi ina mhuri wake: DGDA ya forodha, OCC ya ukaguzi, na cheti cha FERI cha OGEFREM, ambacho ni vizuri uwe nacho mapema. Anayekwenda na faili lililopangwa na chakula cha mchana huvuka bila kuugua. Hapo dereva alikabidhi ufunguo, tairi la akiba na jeki, akihesabu kimoja kimoja mbele ya kaka yangu aliyekuja kutupokea. Akaulizia lori la kumrudisha Tunduma.

Kutoka mpakani hadi Lubumbashi hazifiki kilomita 100, lakini hizo ndizo zilizonifundisha kuliko zote. Japani wanaendesha kushoto, kama Tanzania na Zambia, ndiyo maana usukani wa magari haya uko kulia. Congo tunaendesha kulia. Ukivuka pale Kasumbalesa, dereva anajikuta amekaa upande wa majani, na anayeiona barabara iliyo mbele ya lori ni abiria wa kiti cha kushoto. Kaka yangu alishika usukani. Tulipolifikia lori lililobeba shaba hakuweza kulipita mpaka mimi niseme. "Ngoja. Ngoja. Kuna basi. Sasa njia nyeupe, twende." Ni mtu asiyependa kuambiwa, lakini alinisikiliza kila mara, bila ubishi, kwa sababu alijua mimi naona na yeye haoni.

Nikamwambia pale pale ndani ya gari. Kaka, hapa unamsikiliza anayeona. Kule Kitonga aliyekuwa anaona ni yule tuliyemwacha mpakani, nasi tulitaka kumwendesha kwa simu kutoka Lubumbashi. Alinyamaza mpaka tukaingia mjini. Siku iliyofuata aliomba namba ya yule dereva, akamtumia nauli ya kurudi, nje ya malipo yake.

Sasa jirani yetu anataka kwenda kununua lake, naye amekuja kuniuliza habari za yadi. Nimemwandikia karatasi. Juu kabisa nimeweka gesti ya dereva, chakula chake na nauli ya kurudi, kila kimoja mbali na malipo ya safari, na chini yake: kupiga simu mara moja tu kwa siku, jioni, akiwa ameshasimama. Namba ya chasisi na karatasi ya mnada nimeziandika baadaye. Aliisoma, akauliza kama fedha hiyo ya gesti atairudisha siku akiliuza gari. Nikamjibu kwamba hairudi.