Karani Katika Kiwanda cha Mhunzi

Mtu afanyaye kazi ya kalamu mchana kutwa hana budi kuwa na kazi nyingine ya kuipumzisha akili yake. Wengine hucheza bao, wengine hufuga kuku. Mimi hufua visu. Jambo hili huwachekesha wenzangu wa ofisini, maana waona kuwa karani aliyesoma sekondari ya misheni hana haja ya kujipaka masizi. Tena kisu cha jikoni chapatikana dukani kwa bei iliyo ndogo kuliko ya makaa niyachomayo. Katika hesabu hiyo siwezi kubishana nao. Lakini kazi hii ndiyo iliyonifikisha Siyu, na huko Siyu limezuka shauri ambalo napenda wasomaji walifikiri pamoja nami.

Kushika tupa nilifundishwa katika karakana ya shule yetu. Tupa husukumwa mbele kwa nguvu na kurudishwa bila kugandamizwa, maana hukata iendapo tu. Basi nilipohamishiwa Lamu nikaanza kutengeneza visu nyuma ya nyumba kwa vipande vya springi za magari. Springi hizo huzinunua kwa mafundi wa Mpeketoni, kwa sababu mji wa Lamu, kama ijulikanavyo, ni mji wa punda. Springi ni chuma cha pua chenye kaboni kadiri ya sehemu sita katika elfu, nayo yatosha kukifanya kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafula. Chuma laini cha kujengea madirisha hakina kaboni ya kutosha, na ukikinoa mwaka mzima hakitakaa na makali.

Wauza samaki walipoviona visu vyangu walinipa neno moja wote: nenda Siyu.

Siyu iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, na chombo hakifiki mjini ila maji yakijaa, kwa kupita katika mkondo uliozungukwa na mikoko. Msafiri wa leo huona ngome kubwa ya mawe na mji mdogo mtulivu, na pengine hawezi kuamini kwamba mwaka 1845 majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, yalishindwa mahali hapo na watu wa Bwana Mataka. (Ndiye Bwana Mataka yule aliyekuwa mume wa Mwana Kupona, mtunzi wa utendi.) Zamani hizo Siyu ilikuwa mji wa wanachuoni na wa mafundi. Walinakili misahafu kwa mkono, wakachonga milango, wakashona viatu na mikanda ya ngozi, wakafua panga na majambia yaliyosifiwa pwani nzima. Upanga mmoja ulipita katika mikono ya watu kadhaa: mhunzi alifua bapa, mwingine akachonga mpini, na fundi wa ngozi akashona ala. Mipini ya fahari ilitiwa pembe za ndovu. Hayo yamekwisha, wala siyasikitikii; biashara ya pembe hizo ilipigwa marufuku duniani mwaka 1989, na pembe ya ng'ombe ikisuguliwa vizuri hupendeza machoni.

Mzee niliyeelekezwa kwake hafui panga. Kazi yake ni mundu, mashoka ya wakata mikoko, misumari ya vyombo, na visu vya kuparia samaki. Nilimtolea salamu, nikampa kisu changu nilichokiona bora kuliko vyote. Akakipitisha kidole, akakigonga kwa ukucha na kuusikiliza mlio wake, kisha akauliza, “Bwana karani, moto wa hiki uliutazama wakati gani?” Nikamjibu kuwa saa nane mchana. Akatikisa kichwa. “Jua huficha rangi ya chuma. Njoo magharibi.”

Nikarudi baada ya sala ya magharibi, naye akafunga mlango nusu. Mjukuu wake akavuta mivukuto. Katika giza lile niliona mambo ambayo vitabu huyaeleza bila kuyaonyesha. Chuma hutoka katika weusi na kuwa chekundu kilichofifia, kisha huwaka kama kaa. Na kabla tu hakijafika rangi ya chungwa, hupita ndani yake kama kivuli, halafu kivuli kile huondoka. Hapo ndipo mzee alipokitoa na kukitumbukiza katika sifa, yaani yale mafuta ya papa yapakwayo majahazi, ambayo harufu yake sitaieleza. Maji, alisema, hukipoza chuma cha springi kwa haraka mno, nacho chaweza kupasuka.

Sasa mimi nilikuwa na sumaku mfukoni, kwa kuwa nilisoma kwamba chuma kikifika kadiri ya digrii 770 za joto hakishikwi tena na sumaku, na kikipita hapo kidogo ndipo kinapofaa kutumbukizwa. Nikaomba ruhusa tupime. Mara tatu mzee alitamka “sasa” kwa macho yake tu, na mara tatu sumaku ilikuwa imekwisha kukiachia chuma wakati huo huo. Akacheka sana. “Hiyo sumaku yako imesoma chuo gani?” Tangu siku ile hunitaka niiache kiwandani, apate kumwonyesha mjukuu.

Kisu kikitoka katika mafuta huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Lazima kipashwe tena, polepole, kutoka upande wa mgongo, mpaka rangi zianze kutembea juu ya bapa lililosuguliwa: kwanza rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Kisu cha jikoni huachwa kwenye rangi ya majani makavu. Shoka huachwa lifike zambarau, lisije likamegeka kwenye mkoko. Mzee hana majina haya ya rangi. Yeye huzitaja kwa mifano ya samaki, na nakiri kuwa mifano yake yaeleweka upesi kuliko kipimajoto.

Nilimsimulia habari za Marekani, ambako mwaka 1976 wahunzi wa visu waliunda chama chao kiitwacho American Bladesmith Society. William Moran, mmoja wa waasisi wake, aliwaonyesha wenzake mwaka 1973 visu vya chuma kilichounganishwa tabaka kwa tabaka, ufundi uliokuwa karibu kusahauliwa huko, kisha akawafundisha wala hakuuficha. Mwanachama ajaribiwapo, kisu chake sharti kikate kamba nene inayoning'inia kwa pigo moja, kikate mbao, kinyoe nywele za mkono, na mwishowe kipindwe jiliwani kwa pembe mraba bila kuvunjika vipande viwili. Mzee alipenda yote ila la mwisho. Kisu kizuri, alisema, hakipindwi, hukatiwa samaki.

Naye hakunitoza ada. Alichoomba ni tupa kuukuu tu, maana chuma chake ni bora na hapatikani mtu wa kumletea. Fundi wa ngozi jirani yake alinishonea ala kwa sharti kama hilo, nimletee shazia imara za kushonea.

Sasa shauri lenyewe ni hili. Wana wa mzee hawaitaki kazi; mmoja ni mvuvi, mwingine yuko katika bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 2021, wala siwezi kumlaumu mtu afuataye mshahara wa kila mwezi. Mwezi uliopita mzee aliniambia niichukue fuawe yake, iliyokuwa ya babu yake, kwa kuwa mimi naipenda kazi. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini mimi hufua kwa kujifurahisha, na visu kumi kwa mwaka vyanitosha; mzee huwatengenezea mji mzima zana zao. Fuawe ikiondoka, mkata mikoko atalipa nauli ya mashua mpaka Lamu kwa ajili ya shoka lililobutuka. Tena wageni waja kila mwaka kwenye tamasha la utamaduni la Lamu, na kisu cha Siyu chenye mpini wa pembe na ala ya ngozi chaweza kuuzwa huko kwa bei ya kumlisha kijana. Hesabu hiyo nimemwandikia mjukuu katika daftari, bei za makaa, springi na nauli, bila kumficha hasara.

Mjukuu yumo sekondari. Amesema atafanya kazi kiwandani likizo yote ya Agosti ndipo atoe jibu, na mzee amekubali kungoja. Hati yangu ya uhamisho yaweza kufika kabla ya hapo. Ikifika, nitaondoka na tupa zangu na kisu kimoja. Sumaku nitamwachia kijana, na fuawe itabaki juu ya gogo lake.