Jibu Tulilolitoa kwa Haraka

Muhula uliopita tulikuwa tumeketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule ya mazoezi, daftari la tathmini magotini, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha habari za bakteria. Andalio lake lilikuwa zuri, na sisi ndio tuliolipitisha. Aliandika ubaoni kuwa bakteria si maadui tu, kwani huozesha majani na mizoga na kuurudishia udongo rutuba. Ndipo mtoto mmoja aliposimama. Kwao, alisema, juu ya kisima imelazwa boriti iliyokatwa katika nguzo kuukuu ya umeme, na mvua ikinyesha maji hunuka ile dawa nyeusi. "Je, mwalimu, bakteria wataila hiyo dawa?"

Mwanachuo alitutazama. Nasi, kwa kutaka kumwokoa, tukajibu pale pale tulipoketi: "Wataila." Somo likaendelea.

Jibu lile lilitukosesha raha. Tuliporudi chuoni tulisoma habari za Pensacola, mji wa Florida huko Marekani, ambako kiwanda kimoja kilikuwa kikitia nguzo dawa tangu 1902 hadi 1981. Dawa yenyewe ni kriosoti, ipatikanayo kwa kukeneka lami ya makaa ya mawe. Baadaye kiwanda kilitumia pia pentaklorofenoli. Maji machafu yaliachwa katika madimbwi yasiyosakafiwa, yakapenya mchangani hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, yakaanza safari ya kuelekea ghuba.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa jiolojia wa serikali walipima maji hayo mahali mbalimbali kando ya njia yake. Waliona kwamba fenoli hupungua kadiri maji yanavyokwenda mbali, na kwamba humo humo imo methani, ile gesi itokayo vinamasini. Huo ulikuwa ushahidi kwamba kuna wanaokula. Kule chini oksijeni hakuna, kwa hiyo kazi hufanywa kwa kupokezana: kundi moja la bakteria huvunja fenoli na kutoa asidi ya siki na hidrojeni, na kundi jingine huyapokea hayo na kutoa methani. Tulifurahi kama mtu aliyesamehewa deni.

Lakini fenoli ni sehemu ndogo tu ya kriosoti. Nafthalini, ile ya vidonge vya kufukuzia nondo, haikuliwa katika maji yale yasiyo na oksijeni. Na sehemu iliyo nzito haielei. Huzama chini ya maji, na sumu yake huyeyuka kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliingiza mahali pale katika orodha ya sehemu zilizostahili kusafishwa kwanza. Bakteria walikuwapo muda wote huo.

Juma lililofuata tuliomba kipindi. Tulikiri mbele ya watoto, na mbele ya mwanachuo wetu, kwamba tulijibu kwa haraka. (Ndugu wanachuo, halikuwa jambo jepesi, mkufunzi amezoea kusahihisha, si kusahihishwa.) Tulifukia jani la muhindi na kipande cha plastiki katika kopo la udongo wenye unyevu, ili watoto wavifukue kila Ijumaa na kuandika walichokiona. Kriosoti yenyewe hatukuileta darasani, maana si kitu cha kushikwa na watoto. Kisha tukamwambia yule mtoto kuwa boriti iondolewe, na maji ya kunywa yatekwe kwingine hadi bwana afya atakapokikagua kisima.

"Imekwisha ondolewa, mwalimu," akajibu kwa furaha. "Mama ameipasua kuni."

Tulifuta ubao, tukaanza habari za moshi.